Melodrama ya filamu bubu ni nini, na kwa nini Sunrise ya diski moja siyo Sunrise ya diski nyingine

Mtaani ukimwambia mtu "acha melodrama" unamaanisha apunguze vituko, aache kulia lia. Sawa, hiyo ipo, ila kwenye filamu melodrama ni aina kamili ya hadithi, ina kanuni zake, na kipindi cha filamu bubu, zile zisizo na sauti ya maneno, ndicho kilichoifikisha mahali ambapo sidhani kama imewahi kurudi tena. Nitaionyesha kwa Sunrise, filamu bubu ya 1927, alafu tuone kwa nini matoleo yake kwenye diski hayafanani.

Kwa kifupi melodrama ni hadithi ya watu wa nyumbani, mume, mke, mtoto, mgeni anayeingia kati, ambapo wema na ubaya unauona waziwazi na kinachosukuma mambo ni hisia, siyo hoja. Alafu jambo kubwa zaidi ni kwamba ukweli haufiki kwako kwa maelezo, unafika kwa ishara, barua iliyofichwa, uso uliogeuzwa ukutani, dhoruba inayopiga usiku uleule ambao mtu ana dhambi moyoni. Kama unafuatilia zile tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili ushaijua tayari, muziki unapanda kabla mtu hajafungua mdomo na wewe ushajua kuna siri inatoka.

Sasa kwa nini muziki na ishara? Hapa kuna historia nzuri ambayo watu wanairuka. Melodrama ilishika kasi kwenye kumbi za maigizo za Paris baada ya mapinduzi ya Ufaransa, na jina linalotajwa sana ni la mwandishi wa michezo ya jukwaani Pixérécourt, mchezo wake Coelina ulichezwa 1800. Miaka 2 baadaye mwandishi Mwingereza Thomas Holcroft akaubeba kwenda London akauita A Tale of Mystery, na humo ndani mhusika mmoja muhimu ni bubu, hawezi kusema neno, na ndiye anayemjua mbaya ni nani! Yaani mtu mwenye ukweli hana sauti, inabidi kila mtu asome mikono na macho ya huyo bubu. Na London ilikuwa na sababu nyingine kabisa, ya kisheria: kumbi zenye hati ya mfalme kama Drury Lane na Covent Garden ndizo zilizokuwa na ruhusa ya kuigiza tamthilia ya maneno matupu, wengine hawaruhusiwi, kwa hiyo hao wengine wakawa wanajaza muziki, nyimbo, vitendo, moto, farasi, maji, chochote ili mradi isihesabike kuwa ni tamthilia ya maneno. Sheria hiyo ilikuja kulegezwa 1843, lakini kufikia hapo watu walishajifunza kusimulia mambo mazito bila kutegemea mdomo.

Kwa hiyo sinema ilipokuja mwishoni mwa karne ya 19, haina sauti, ina picha tu na mpiga piano pembeni ya skrini, melodrama ilikuta nyumba imeshapangwa. Ndiyo maana nasema filamu bubu haikuwa na upungufu kwenye melodrama. Mtu anayedhani wale walikuwa wanasubiri tu sauti ivumbuliwe hajaangalia vizuri.

Mfano ninaoupenda ni Sunrise ya F. W. Murnau, mwongozaji Mjerumani aliyealikwa Marekani na studio ya Fox, ikatoka Septemba 1927. Wahusika hawana hata majina, ni Mwanamume, Mke na Mwanamke wa Mjini. Huyo wa mjini amekuja likizo kijijini, kamteka mkulima akili, anamwambia uza shamba twende mjini. Na mke? Inakuja kadi ya maandishi inauliza kama hawezi akazama majini, na yale maneno yenyewe yanaanza kuteremka na kuyeyuka kwenye skrini kama yanazama. Hakuna mtu aliyetamka kitu na umeshapata baridi mgongoni.

Mpango ni kwamba ampeleke mkewe ziwani kwa mtumbwi, amtose, kisha yeye aelee kwa kutumia fungu la matete na kusema mtumbwi ulipinduka. Wanafika katikati ya maji, jamaa anasimama, ameinama, mikono inaning'inia, anamwendea, George O'Brien ndiye anayecheza na inasimuliwa kwamba Murnau alimwekea vitu vizito kwenye viatu ili atembee kama mtu aliyebeba mzigo usioonekana. Mke, Janet Gaynor, anaunganisha mikono tu kama anaomba. Jamaa anashindwa. Anapiga makasia mpaka ng'ambo, mke anakimbia, anarukia tramu, mume naye anarukia, wanaingia mjini wote wawili kimya, wanajikuta kanisani harusi ya watu wengine inafungwa, na hapo mume ndipo anapovunjika akalia. Katikati ya filamu ni siku moja ya raha, saluni, studio ya picha, uwanja wa michezo, nguruwe aliyelewa, wanarudi usiku dhoruba inawakuta. Na yale matete ya kuulia anamfunga nayo mke ili aelee. Ndo melodrama hiyo! Kitu kilekile cha dhambi kinageuka cha wokovu na wala hakuna mtu anayekueleza.

Gaynor alipata Oscar ya kwanza kabisa ya mwigizaji wa kike, tuzo ikahesabu kazi zake 3 na hii ikiwemo, na filamu yenyewe ikapewa tuzo ya ubora wa kisanii ambayo ilitolewa mwaka ule mmoja tu.

Haya sasa tuje kwenye diski, maana hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mtu ananunua Sunrise, mwingine anapakua Sunrise, wakikaa kuongea mmoja anasema filamu ni dakika tisini na kitu, mwingine anasema mbona yangu haifiki hata 80, na wote wako sahihi.

Sababu ya kwanza ni kwamba enzi zile filamu moja ilikuwa mara nyingi na negativu zaidi ya moja, yaani ule ukanda uliopita kwenye kamera ambao ndio unatolewa kopi. Teknolojia ya kunakili negativu ilikuwa mbovu, kopi ya kopi inatoka na ukungu, kwa hiyo studio zilizotaka kuuza Ulaya zilikuwa zinaweka kamera 2 zikae bega kwa bega, au wanachukua tukio mara kadhaa, la kwanza bora linabaki nyumbani na lingine linatengeneza negativu ya kupeleka nje. Kule nje nako wanakata wanavyotaka na kuweka kadi kwa lugha yao. Kwa hiyo unakuta filamu ileile lakini pembe ya kamera imesogea kidogo, mkono wa mwigizaji uko tofauti, tukio linaisha mapema. Hapo huwezi ukasema hii ni orijino na ile ni feki, zote zilionyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio.

Sababu ya pili ni moto. Filamu za zamani zilikuwa za naitreti, kitu kinachowaka kirahisi mno, na mwaka 1937 ghala la Fox kule Little Ferry, New Jersey, liliungua na kuondoka na sehemu kubwa ya kazi za studio hiyo za enzi ya bubu, negativu ya Sunrise ikiwemo. Tangu hapo kila unachokiona kinatoka kwenye kopi zilizosalimika.

Na sababu ya tatu ni sauti. Sunrise ni filamu bubu iliyotoka na sauti, najua inachekesha, lakini Fox walikuwa na mfumo wao wa Movietone unaochapisha sauti kwenye ukanda wa filamu wenyewe pembeni ya picha, kwa hiyo muziki na milio, kengele, honi za mjini, vilikuwa vimefungwa pamoja na picha. Ule ukanda wa sauti unakula nafasi, picha ya Movietone ikawa karibu mraba, wakati toleo lisilo na sauti lina picha pana kidogo. Pia ukishafunga sauti huwezi kubadilisha spidi, ni fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde basi, wakati filamu bubu za kawaida zilikuwa zinapigwa kwa spidi tofauti tofauti. Zile VHS za bei chee ambazo kila mtu anakimbia kimbia kama anafukuzwa ni kwa sababu hiyo, filamu iliyopigwa polepole imechezeshwa haraka, na melodrama ikichezeshwa haraka inageuka kichekesho, mama analia watu wanacheka.

Kwenye DVD, Fox Marekani waliitoa 2003 kwa mtindo wa ajabu kidogo, huikuti dukani kama bidhaa, inabidi ununue DVD zao nyingine za filamu za zamani ukate vithibitisho vya manunuzi uwatumie ndo wakutumie hii, yaani filamu ambayo wahakiki wa jarida la Sight & Sound waliiweka nambari 5 duniani mwaka 2012 ilikuwa inatolewa kama zawadi ya promosheni. 2008 ikaingia kwenye lile boksi kubwa la DVD liitwalo Murnau, Borzage and Fox. Lakini lililobadilisha mambo ni toleo la Uingereza la kampuni ya Eureka, kwenye mfululizo wao wa Masters of Cinema, Blu-ray ya 2009, ambalo liliweka matoleo yote mawili pamoja, la Movietone na lingine lililopatikana kwenye hifadhi ya filamu ya Czech. Hilo la Czech ni fupi kwa kama robo saa na halina sauti yake, lakini picha yake ni safi kuliko ya Movietone, nyuso unaziona vizuri, ukungu wa kwenye matete unaonekana kweli ni ukungu siyo uchafu wa kopi.

Ukiniuliza uanze na lipi nitasema Movietone, hata kama picha imechoka. Kuna sehemu baada ya dhoruba, mume yuko juu ya maji gizani anamwita mkewe, mdomo unafunguka na badala ya sauti ya mtu inatoka baragumu, mlio mmoja mrefu, kisha tena. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa London walivyonyimwa maneno hawakukosa kitu. Toleo la Czech liangalie la pili, kwa ajili ya macho.

Kwa walioko huku kwetu wanaotaka kununua, angalia kanda, yaani namba ya eneo la dunia ambalo diski imefungiwa. DVD ya Marekani ni kanda 1, ya Uingereza ni kanda 2, na deki nyingi za huku ni kanda 5 kwa hiyo inaweza kukataa kama deki yako haijafunguliwa. Blu-ray ndo rahisi maana Afrika na Uingereza zote ziko kanda B. Na ukiona DVD ya mfumo wa PAL, ule wa TV za Ulaya, inaisha dakika chache kabla ya muda ulioandikwa sehemu nyingine usidhani wamekata, PAL inachezesha fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, filamu ya dakika 95 inatoka kama 91. Marekani haki miliki yake iliisha Januari 2023, ndiyo maana YouTube imejaa kopi za kila aina. Kabla hujaamini yoyote tazama kwanza umbo la picha na sikiliza kama kuna lile baragumu, kama kuna piano ya mtu wa juzi tu basi ujue wameiondoa sauti yenyewe.