Kabla ya kusasisha programu, jua faili lipi ni lako

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa TEHAMA baada ya kusasisha programu huleta lalamiko moja: kiolezo cha barua kimerudi kama kilivyokuwa siku ya kwanza, nembo na anwani zimetoweka. Barua zenyewe huwa salama. Kilichofutika ni kazi iliyofanywa ndani ya folda ya programu.

Violezo, kamusi za tahajia na mifano inayokuja na programu ni mali ya kisakinishi, yaani faili linaloiweka programu kwenye kompyuta. Toleo jipya likiingia, kwa kawaida huyaandika upya bila kukuuliza. Kwa hiyo usirekebishe kiolezo pale ulipokikuta. Kihifadhi kwa jina jipya kwenye folda yako, ndipo ukibadilishe.

Mipangilio yako hukaa kwingine. Kwenye Windows, programu nyingi huiweka ndani ya AppData, folda ambayo kwa kawaida imefichwa. Kwenye macOS ni Library iliyo chini ya jina lako. Kwenye Linux, mara nyingi ni folda ya .config. Kisakinishi kizuri hakigusi huko.

Mfumo wa Debian, mmojawapo wa mifumo ya Linux, unastahili kuigwa na watengenezaji. Kwa mafaili ya mipangilio ya mfumo mzima, hutunza alama ya kutambulisha jinsi faili lilivyokuwa liliposakinishwa. Kama hukuligusa, hulibadilisha kimya kimya. Kama ulilirekebisha, na toleo jipya nalo limeleta lake tofauti, husimama na kukuuliza ubaki na lipi, na hukuonyesha tofauti ukitaka. Kumuuliza mtu kabla ya kufuta kazi yake ni heshima ndogo ambayo programu nyingi bado hazina.

Hatari isiyoonekana upesi ni kurudi kwenye toleo la zamani. Toleo jipya linapofunguliwa mara ya kwanza huweza kugeuza mipangilio yako iwe katika muundo mpya, na toleo la zamani likashindwa kuisoma. Ndiyo maana kivinjari cha Firefox, tangu toleo la 67 la mwaka 2019, hukataa kufungua kwa toleo la zamani wasifu (folda yenye mipangilio na data zako) uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi, na badala yake hukutaka uanzishe mwingine. Kwa hiyo nakili folda ya mipangilio kabla ya kusasisha, programu ikiwa imefungwa kabisa. Ukinakili huku inafanya kazi, unaweza kupata faili lililoandikwa nusu, na nakala hiyo haitakufaa.

Ukiombwa kuondoa toleo la zamani kwanza, soma kila kisanduku cha tiki. Kile kinachosema data ya mtumiaji ifutwe, kiache bila tiki.

Na programu ikianza kusumbua baada ya kusasishwa, ifunge, kisha ipe folda ya mipangilio jina jingine badala ya kuifuta. Ukiifungua tena, itaunda folda mpya. Usumbufu ukiisha, chanzo kilikuwa mipangilio ya zamani; ukiendelea, rudisha jina la awali na hutakuwa umepoteza kitu.