Kuondoa majeshi: wakisema askari wanarudi, wanamaanisha nini?

Julai 2024 vyombo vya habari vilitangaza kwamba SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, imemaliza kuondoa majeshi yake Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana na mkoa wetu wa Mtwara. Kwa msikilizaji wa Arusha au Mwanza, habari iliishia hapo. Kwa mtu wa Tandahimba, Nanyamba au Kitaya ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, maana ng'ambo ya Ruvuma, wilayani Nangade, askari wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, walikuwa bado wapo. Sasa waliondolewa au hawakuondolewa? Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na ndiyo sababu dhana hii inachanganya watu hata pale wanapodhani wanabishania jambo moja.

Kuondoa majeshi, kwa maana ya kawaida, ni uamuzi wa serikali kusitisha ushiriki wa askari wake katika vita vinavyopiganwa kwenye ardhi ya nchi nyingine na kuwarudisha nyumbani. Haulingani na jeshi kurudi nyuma baada ya kuzidiwa. Hilo ni la kamanda aliye uwanjani, na huamuliwa kwa saa. Kuondoa majeshi ni jambo la siasa. Huamuliwa na rais, bunge au jumuiya ya nchi, mara nyingi wakati jeshi lenyewe bado lina nguvu ya kuendelea kupigana. Kwa hiyo ubishi wake huusikii kambini, unausikia bungeni, redioni na kwenye vijiwe vya kahawa.

Kwa vitendo huwa kuna namna kadhaa, na mwanasiasa hupenda kuzitaja zote kwa jina moja. Kuna kupunguza idadi huku kambi zikibaki. Kuna kubadilisha kazi, yaani askari walewale wanaacha kupigana na kuanza "kufundisha na kushauri". Mwaka 2010 Marekani ilitangaza mwisho wa operesheni za mapigano Iraki huku askari wapatao 50,000 wakiendelea kubaki huko. Waliotoka kabisa walitoka Desemba 2011, na 2014, baada ya mji wa Mosul kutekwa na wapiganaji wa Islamic State, wengine wakarudishwa. Halafu kuna namna ya tatu, ambayo sisi wa kusini tumeiona kwa karibu kuliko mtu yeyote Tanzania: kubadilisha mkataba.

Kikosi cha SADC, SAMIM, kiliingia Cabo Delgado Julai 2021. Miezi minne kabla, wapiganaji wa Kiislamu wenye itikadi kali, wanaopigana na serikali ya Msumbiji, walikuwa wameuvamia mji wa Palma, na kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies ikausimamisha mradi wake wa gesi pale Afungi. Nchi nane zilichangia, Tanzania ikiwemo, na askari wetu walipangiwa Nangade. Ilipofika 2024 mfuko ulikuwa umetoboka. Serikali ya Msumbiji ilisema hadharani kwamba SADC ina shida ya fedha, na tangu Desemba 2023 jumuiya hiyohiyo ilikuwa imepeleka kikosi kingine mashariki mwa Kongo. Botswana na Lesotho zikaanza kuondoka mapema. Mei 10, kabla kazi ya kufungasha haijaisha, wapiganaji wakauvamia mji wa Macomia, ambako askari wa Afrika Kusini walikuwa na kambi yao. Julai bendera ya SADC ikashushwa.

Askari wa Tanzania wakabaki Nangade chini ya makubaliano ya nchi mbili, Tanzania na Msumbiji. Sare ni zilezile, mto ni uleule. Kilichobadilika ni nani anatoa amri, nani analipa posho na mafuta, na nani ana haki ya kuuliza wanarudi lini. Chini ya SADC, muda wa kikosi uliongezwa na wakuu wa nchi kwenye vikao vinavyotoa taarifa ya mwisho unayoweza kuisoma. Makubaliano ya nchi mbili hayana kikao cha namna hiyo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyozungumzwa kidogo kuliko zote.

Kwa nini mtu wa Mtwara ajali? Oktoba 2020, kabla kikosi chochote cha SADC hakijaingia, wapiganaji walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya. Waliua watu, wakachoma nyumba. Jeshi la Polisi lilisema walikuwa wapatao 300. Oktoba ni mwezi ambao korosho zinadondoka chini ya mikorosho na mwenye shamba anapaswa kuziokota, kuzianika na kuzipeleka chama cha msingi kabla mvua hazijaziharibu. Aliyelikimbia shamba la kando ya mto mwezi ule aliacha mapato ya mwaka mzima yamelala ardhini. Ndugu wa ukoo mmoja wana mashamba huku na ndugu kule, Wamakonde hawakuulizwa mpaka upite wapi. Kwa hiyo mtu wa hapa akisikia "majeshi yaondoke", hesabu ya kwanza kichwani mwake ni nani atakayelala ng'ambo ya mto usiku baada ya malori kuondoka. Gharama za bajeti zinakuja baadaye.

Lakini haohao wa Mtwara wanajua upande wa pili wa hesabu. Nje ya mkoa watu wengi wanaifahamu Naliendele kwa utafiti wa korosho. Hapohapo Naliendele kuna makaburi ya mashujaa, walikolazwa askari wa Tanzania waliofia Msumbiji. Kati ya 1986 na 1988 Tanzania ilikuwa na askari wapatao 3,000 huko, wakiisaidia serikali ya chama cha Frelimo dhidi ya waasi wa Renamo, wengi wao katika jimbo la Zambezia. Waliondolewa kufikia mwisho wa 1988. Gharama ilikuwa sababu kubwa: nchi ilikuwa bado inauguza majeraha ya kiuchumi ya vita vya Kagera, na 1986 ilikuwa imetia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Zimbabwe, ambayo mizigo yake ilipita kwenye reli ya Beira, haikuondoka wakati ule. Askari wake walikaa hadi 1993. Hapo unaona jinsi nchi mbili rafiki, kwenye vita vilevile, zinavyofikia uamuzi tofauti kwa sababu faida ya kubaki si sawa. Mjadala wa wazi haukuwepo upande wetu. Ulikuwa mfumo wa chama kimoja, na mambo ya jeshi yaliongelewa ndani.

Uganda nayo ni somo. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979, miezi michache tu baada ya majeshi yetu kuvuka mpaka. Kutoka kulichukua hadi 1981. Kuingia kunahitaji amri na mafuta, ila kutoka kunahitaji kwanza pawepo mtu wa kukabidhiwa funguo, na Uganda ya wakati ule ilibadilisha marais kwa kasi isiyoruhusu makabidhiano.

Hoja zenyewe za mjadala zinajirudia popote duniani. Wanaotaka askari warudi husema: hivi si vita vyetu, fedha zinahitajika nyumbani, na uwepo wa jeshi la kigeni wenyewe unawapa wapiganaji sababu ya kuandikisha vijana. Wanaotaka wabaki husema: tukiondoka adui atajaza pengo, washirika wetu watachinjwa, na tatizo litatufuata hadi mlangoni. Kenya imebishana hivyo tangu ilipoingia Somalia Oktoba 2011, na baada ya al-Shabaab kuishambulia kambi ya Wakenya ya El Adde Januari 2016 ubishi ulipanda joto. Iko pia hoja kwamba tusiondoke, la sivyo waliokufa watakuwa wamekufa bure. Inagusa moyo, na sioni namna ya kumjibu mama aliyezika mwanawe. Ila kama hoja ya sera ndiyo dhaifu kuliko zote, maana kwa mantiki yake kadiri unavyopoteza ndivyo unavyozidi kukosa ruhusa ya kuacha.

Ubishi mgumu zaidi unahusu tarehe na masharti. Kundi moja linataka siku itajwe: mwisho wa mwaka fulani, hakuna askari atakayebaki. Kundi jingine linataka masharti: tutaondoka jeshi la wenyeji likishaweza kushika eneo. Tatizo la tarehe ni kwamba adui naye ana kalenda. Tatizo la masharti ni kwamba huwa hayatimii, na kamanda wa kila mwaka anaomba mwaka mmoja zaidi. Mwaka 2007 Bunge la Marekani lilipitisha muswada wa fedha za vita vya Iraki ukiwa na ratiba ya kuondoka. Rais Bush akaukataa kwa kura ya turufu Mei 1. Mwaka uliofuata serikali yake mwenyewe ikasaini makubaliano na Baghdad yenye tarehe ya mwisho ndani yake.

Afghanistan ilionyesha tarehe inavyokuwa ikikosa masharti ya maana. Makubaliano ya Doha ya Februari 2020 yalisainiwa kati ya Marekani na Taliban, serikali ya Kabul ikiwa nje ya mlango. Julai 2021 Wamarekani waliiacha kambi kubwa ya Bagram usiku. Kamanda mpya wa Kiafghani alisema alijua baada ya wao kuondoka, na waporaji walikuwa wameshaingia getini kabla ya askari wake. Kabul ilianguka Agosti 15. Ndege ya mwisho iliruka Agosti 30.

Na nani mwenye kauli? Kwetu, Ibara ya 44 ya Katiba inampa Rais madaraka ya kutangaza vita, kisha Spika ana siku 14 za kuitisha Bunge lifikirie kama litaunga mkono. Ibara hiyo inahusu tangazo la vita. Kupeleka kikosi bila kutangaza vita, kama ilivyokuwa Cabo Delgado, ni jambo la Amiri Jeshi Mkuu, na kukirudisha vilevile. Afrika Kusini wana utaratibu mwingine: kifungu cha 201 cha katiba yao kinamlazimu rais aliarifu bunge sababu, mahali, idadi na muda. Ndiyo maana Julai 2021 kila raia wa huko aliyetaka kujua alijua kwamba wanakwenda askari 1,495 Msumbiji kwa gharama ya randi zipatazo milioni 984. Mbunge wa upinzani akisimama kudai warudi, ana namba mkononi. Hapa kwetu mbunge wa kusini akitaka kuuliza swali hilohilo inabidi aanze kwa kukisia, na mjadala wa kukisia hauendi mbali.

Namba hizo hazikuwaokoa askari wao Kongo, hata hivyo. Januari 2025 mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23, askari 14 wa Afrika Kusini walikufa katika mapigano ya siku chache, na Malawi na Tanzania pia zilipoteza watu. Februari Rais Chakwera wa Malawi aliagiza maandalizi ya kuondoka yaanze. Machi 13 wakuu wa SADC wakaamua kikosi kizima kirudi kwa awamu. Hapo likaja jambo ambalo wabishani husahau: uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa na barabara ziko mikononi mwa M23. Askari walitoka kwa malori kupitia Rwanda hadi Chato, hapa Tanzania, kwa ridhaa ya watu waliokuwa wakipigana nao miezi mitatu nyuma. Ukichelewa sana kuamua kuondoka, ruhusa ya kuondoka inahamia kwa mwingine.

Kwa Cabo Delgado, mjadala unaosubiriwa sasa wala si wa Dodoma. Palma na Mocímboa da Praia, ukanda wa pwani ulio karibu zaidi na Msimbati na mdomo wa Ruvuma, vinashikiliwa kwa kiasi kikubwa na askari wa Rwanda, walioingia siku chache kabla ya SADC na kuongezwa wakati SADC inaondoka. Umoja wa Ulaya uliwachangia euro milioni 20 mwaka 2022 na milioni 20 nyingine Novemba 2024, na tangu vita vya Goma, ambako Rwanda inatuhumiwa kuwasaidia M23, wapo Ulaya wanaohoji kwa nini fedha hizo ziende Kigali. Fedha zikikatwa, au Kigali ikisema basi, ratiba ya kuondoka itapangwa kati ya Kigali, Maputo na Brussels, na anayeokota korosho Kitaya ataisikia redioni kama alivyoisikia ile ya 2024.