Njia za changarawe za Girona: yanayosemwa na yaliyopo

Girona iko kaskazini-mashariki mwa Hispania, pale vilima vya Pyrenees vinapoteremka kuelekea Mediterania. Waendesha baiskeli huifuata kwa sababu ya njia zake za changarawe: reli zilizokufa, barabara za mashamba, njia za malori ya magogo. Wengi hufika wamejiandaa kukwepa magari tu, kisha wanakwamishwa na mambo ambayo hawakuyapigia hesabu: upepo mwingi kwenye tairi, gia nzito, mwiba, chemchemi iliyokauka.

Dhana: njia isiyo na magari haina gari hata moja

Inategemea ni njia ipi. Ya kwanza ni via verde, yaani tuta la reli ya zamani lililotengenezwa kwa ajili ya watembea kwa miguu na baiskeli. Reli nyembamba ya Olot hadi Girona ilifungwa mwaka 1969. Leo ni njia ya kilomita 54 hivi inayopita Les Preses, Sant Feliu de Pallerols, Amer na Anglès. Ya Girona hadi Sant Feliu de Guíxols, pwani, ina kilomita 39 hivi, na treni yake iliacha kupita mwaka huohuo. Magari ya kawaida hayaruhusiwi humo, lakini njia hukatiza barabara za lami mara kwa mara, na vijijini kuna vipande ambavyo unachangia na magari. Kwenye makutano mengi kuna nguzo fupi zilizosimikwa njiani kuzuia magari. Ukimfuata mwenzako kwa karibu hutaiona nguzo mpaka iwe mbele ya usukani wako. Anayetangulia apaze sauti, na mpite mmoja mmoja.

Njia za msituni ni habari nyingine. Sheria ya Katalonia, eneo ambamo Girona imo, ya mwaka 1995 kuhusu magari katika mazingira ya asili inaweka kikomo cha kilomita 30 kwa saa, maana yake gari linaweza kuwepo. Katika vilima vya Les Gavarres magamba ya mwaloni wa koki huvunwa majira ya joto, na malori ya kuyabeba hupita njia hizohizo. Kwenye kona isiyoonekana mbele, shika kulia kabisa. Aliyezoea kuendesha kushoto, kama ilivyo Kenya na Tanzania, hakosei sana mjini. Hukosea porini, ambako hakuna mstari wala gari jingine la kumkumbusha.

Kuanzia Septemba hadi mwishoni mwa baridi kuna misako ya nguruwe mwitu, hasa Jumamosi na Jumapili. Ukikuta kibao kimeandikwa "Batuda", geuza. Na helmeti nje ya mji ni lazima kisheria, hata kama hujaona gari tangu asubuhi.

Dhana: vilima vya chini ni vyepesi

Kilele cha Les Gavarres hakifiki hata mita 550 juu ya usawa wa bahari. Lakini njia zake hupanda na kushuka bila kupumzika, na mzunguko wa kilomita 50 humo hufikisha kwa urahisi jumla ya mita 1,000 za kupanda. Kwenye reli ya zamani hali ni tofauti kwa sababu treni haiwezi mlima mkali: kutoka Girona, mita 70 hivi, hadi Coll d'en Bas, kipito cha mlimani kwenye njia ya Olot, mita 620 hivi, wastani wa mwinuko unazidi asilimia 1 kidogo tu. Njia ya magogo haikupimwa kwa treni. Vipande vya asilimia 12 hadi 18 ni vya kawaida.

Hapo ndipo gia huamua. Chukua mtu wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 10 kwenye mwinuko wa asilimia 12, akizungusha pedeli mara 60 kwa dakika. Akiwa na meno 40 mbele na 42 nyuma, anakwenda kilomita 7.5 hivi kwa saa na miguu inatoa karibu wati 230. Akiwa na gia za baiskeli ya lami, 34 mbele na 28 nyuma, mizunguko ileile inamdai karibu wati 295. Wachache huweza hivyo kwa nusu saa. Wengine husimama juu ya pedeli, uzito unahama kutoka gurudumu la nyuma, tairi linateleza kwenye changarawe, wanashuka na kusukuma.

Dhana: tairi gumu ndilo lenye kasi

Hii ndiyo inayogharimu watu zaidi. Kwenye lami laini kuna ukweli kidogo. Kwenye mawe, tairi gumu huiinua baiskeli nzima pamoja na mwenyewe juu ya kila kijiwe, na nguvu iliyotumika kuinua huishia kwenye mtikisiko wa mikono na mgongo. Tairi laini humeza kijiwe, baiskeli inaendelea mbele.

Girona kuna sababu ya ziada: sauló, mchanga wa chembe kubwa unaotokana na granaiti iliyooza. Chini ni pagumu, juu kumetandazwa chembe kama mtama mkavu juu ya sakafu ya saruji. Tairi gumu hugusa eneo dogo na kuelea juu ya chembe hizo. Ukikata kona, gurudumu la mbele linakwenda linakotaka.

Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi la milimita 45 lisilo na tyubu, anza na psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 28 mbele na 31 nyuma. Endesha dakika kumi kwenye njia yenyewe. Ukisikia ringi inagonga jiwe, ongeza psi 2. Vidole vikifa ganzi, punguza 2. Kila kilo 5 za uzito ni kama psi 1, juu au chini. Tumia geji ileile kila siku, maana geji za pampu hutofautiana kiasi cha kuharibu hesabu yote. Mwenye tyubu aongeze psi 5, la sivyo ringi itaibana tyubu kwenye jiwe na kuacha matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka.

Dhana: tairi lisilo na tyubu halipati pancha

Hupata. Tofauti ni kwamba maji ya gundi yaliyomo huziba matundu madogo kabla hujajua. Adui wa huku mnamjua: mbigiri, uleule unaochoma miguu ya watoto Afrika Mashariki, huota pia kando ya njia za Mediterania. Tundu la mbigiri huzibwa kwa sekunde chache, ila gundi iwepo na iwe maji. Tairi la milimita 45 linahitaji mililita 60 hadi 80, na kwa joto la kiangazi hukauka ndani ya miezi miwili au mitatu. Vua gurudumu, litikise karibu na sikio. Usiposikia maji, hakuna.

Jiwe la chokaa likikata tairi, zungusha tundu liwe chini ili gundi ilifikie, ngoja nusu dakika. Likiendelea kupuliza, sukuma ndani uzi wa mpira wa kuziba, kama ule wa mafundi pancha wa magari ila mwembamba zaidi. Acha ncha za milimita 5 zitokeze nje, chomoa taratibu chombo ulichousukumia, jaza upepo.

Mkato ukizidi milimita 8 hivi, uzi hautoshi. Fungua tairi, toa valvu, weka kiraka cha kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, kisha tyubu. Kosa linalorudiwa kila siku ni kuingiza tyubu upesi. Ndani ya tairi hilo huenda kuna mbigiri kumi ambazo gundi ilikuwa imezinyamazisha tangu wiki iliyopita, na kila moja itatoboa tyubu mpya. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote; kinaponasa pana mwiba. Kidole kitupu kitajuta.

Dhana: Mediterania ni jua tu

Wakatalani wana msemo kwamba Olot kusiponyesha, hakunyeshi popote. Mji huo hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, kiasi kisichotofautiana sana na cha Dar es Salaam. Sauló hunywa maji haraka na huendesheka siku ileile. Udongo wa mfinyanzi kuelekea Banyoles hujaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome. Subiri siku mbili. Dhoruba za vuli hufurisha vijito kwa dakika, na pale njia inapovuka kijito kwa sakafu ya zege, zege hilo huwa na utelezi wa kijani. Pita wima, bila breki, bila kukata kona.

Kiangazi ndicho kipindi kibaya, ingawa ndicho chenye wageni wengi. Joto hukaribia nyuzi 35, na hatari ya moto wa misitu hupangwa kwa ngazi katika mpango uitwao Pla Alfa. Ngazi ikifika 3 au 4, vizuizi huanza na baadhi ya misitu hufungwa. Angalia kila asubuhi. Aprili hadi katikati ya Juni, au mwisho wa Septemba hadi Novemba, ndiyo miezi ya kuja.

Dhana: maji yapo kila kijiji

Bomba lipo. Kibao cha "no potable" maana yake usinywe. "No tractada" ni maji yasiyotiwa dawa, uamuzi ni wako. Chemchemi za msituni nyingi hukauka Agosti. Chupa mbili za mililita 750 ni saa mbili za joto, basi.

Dhana: mstari kwenye GPS ni ruhusa ya kupita

Mstari unaonyesha tu kwamba mtu aliwahi kupita. Ukiona "Propietat privada" (mali binafsi) au "Camí particular" (njia binafsi), rudi. Mnyororo wa chuma kati ya nguzo mbili mara nyingi umewekewa magari, lakini chini ya kivuli cha mialoni hauonekani mpaka uwe kifuani. Punguza mwendo kila njia inapobanwa na nguzo. Lango la mifugo liache kama ulivyolikuta. Likiwa ni waya wa umeme, shika kishikio cha plastiki tu, kinasue, sukuma baiskeli ipite bila fremu kugusa waya, kisha kirudishe kwenye ndoano yake kabla hujapanda.