Je, wajua kwa nini si kila mwalimu wa ndege nyepesi anaweza kumwachia mwanafunzi aruke peke yake?

Nchini Uingereza, mtu anaweza kuwa na leseni ya urubani, akafaulu kozi ya ualimu na kufundisha kila wikendi. Lakini siku mwanafunzi wake anapoiva kuruka peke yake kwa mara ya kwanza, yeye hana mamlaka ya kumwambia "nenda". Ni lazima mwalimu mwingine aliyemzidi daraja atoe ruhusa hiyo.

Ndege tunazozizungumzia huitwa maikrolaiti. Ni ndogo, za kiti kimoja au viwili. Kwa miaka mingi, ya viti viwili haikutakiwa kuzidi kilo 450 pamoja na watu na mafuta, na mwaka 2021 kikomo kikapandishwa hadi kilo 600. Ili kupata leseni kamili, mwanafunzi hufanya mitihani mitano ya nadharia na kuruka saa zisizopungua 25, kumi kati ya hizo akiwa peke yake. Ipo pia leseni yenye masharti, ya saa 15, ambayo humfunga rubani asiende zaidi ya kilomita 15 hivi kutoka alikopaa.

Saa hizo za peke yake huanza na safari moja fupi: kupaa, kuuzunguka uwanja, kutua. Chukua ndege ya kilo 450 ambamo ameshuka mwalimu wa kilo 85. Karibu moja ya tano ya uzito imeondoka! Ndege inachomoka ardhini upesi kuliko ilivyozoeleka, na wakati wa kutua inaelea juu ya njia, haitaki kushuka. Mwanafunzi aliyejifunza vipimo vyake vyote akiwa na mtu wa pili sasa lazima avirekebishe mwenyewe. Sauti ya mwalimu inaweza kumfikia kwa redio, mikono haiwezi.

Ndiyo maana kuna madaraja mawili. Mwalimu msaidizi anahitaji kwanza saa 100 za kurusha maikrolaiti akiwa rubani mkuu, kisha kozi na mtihani mbele ya mtahini. Baada ya hapo anafundisha karibu kila kitu, ila chini ya usimamizi wa mwalimu kamili. Ruhusa ya kuruka peke yake mara ya kwanza, na ile ya kwanza ya safari ndefu ya peke yake, hubaki kwa mwalimu kamili.

Naona sheria hii ina busara kubwa. Mwanafunzi anaweza kutua vizuri mara kumi kwa sababu ameelewa, au kwa sababu upepo umetulia na mwalimu amekuwa akimsaidia kidogo bila hata kujijua. Kuzitofautisha hali hizo mbili kunataka mtu aliyekwisha kuona wanafunzi wengi. Tena aliyekufundisha kwa miezi anatamani ufaulu. Mwingine anakutazama kwa macho mapya.

Mikono yenyewe nayo ina mazoea yake. Baadhi ya maikrolaiti zina fimbo ya kuongozea na mkia kama ndege za kawaida: ukivuta fimbo, pua inainuka. Nyingine ni kigari cha magurudumu matatu kilichoning'inia chini ya bawa la kitambaa, na hapo rubani hushika mwamba wa bawa, yaani chuma cha mlalo kilicho mbele yake: akiusukuma mbele, pua inainuka. Ni kinyume kabisa. Kwa hiyo anayehama kutoka aina moja kwenda nyingine hurudi kwa mwalimu kufunzwa tofauti hizo, maana akishtuka angani mikono hufanya ilichokizoea kabla akili haijafika. Katika kile kigari, mwalimu huketi nyuma ya mwanafunzi na kufungiwa vishikio vya ziada ili aufikie mwamba.

Hata leseni ikishapatikana, kiti cha mwalimu hakibaki kitupu moja kwa moja. Ndani ya kila miaka miwili, rubani anayetaka uhalali wake uendelee huruka angalau saa moja na mwalimu.