Sukari za Asali: Kolamu Ipi, Kigunduzi Kipi?

Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinataka asali ya maua iwe na jumla ya fruktosi na glukosi, sukari mbili sahili, isiyopungua gramu 60 katika kila gramu 100, na kwa aina nyingi za asali sukrosi, ile tunayotia kwenye chai, isizidi gramu 5. Vipimo hivyo hufanywa maabarani kwa kromatografia ya kimiminika, yaani njia ya kutenganisha vitu vilivyoyeyushwa, na namba inayotoka hutegemea sana kolamu, inayotenga sukari, na kigunduzi, kinachopima kila sukari inapotoka, vilivyochaguliwa, kiasi kwamba chaguo baya laweza kumtia hatiani mfugaji wa nyuki asiye na kosa lolote.

Kolamu ni bomba la chuma kisichoshika kutu, lililojazwa chembe ndogo sana, na pampu husukuma kimiminika kupita humo huku kila sukari ikichelewa kwa kadiri inavyovutwa na chembe hizo. Kolamu ya resini (chembe za aina ya plastiki) yenye kalsiamu hutumia maji matupu, nayo hupashwa moto hadi nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Gharama ya kuiendesha ni ndogo, haiachi taka ya sumu, na hutenga glukosi na fruktosi vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba sukrosi na maltosi, sukari ya glukosi mbili zilizoungana, hutoka humo karibu kwa wakati mmoja na kuchora kilele kimoja kwenye kromatogramu, yaani mchoro wa matokeo. Asali halisi huwa na maltosi na jamaa zake kwa gramu kadhaa. Mpimaji akikiita kilele hicho chote sukrosi, asali safi itavuka gramu 5 na mwenyewe ataambiwa ameichanganya na sukari ya dukani.

Kwa hiyo, kwa asali, ninapendekeza kolamu ya amino, ambayo chembe zake zimebeba vikundi vya kemikali vyenye nitrojeni viitwavyo amino, na inayopitishwa mchanganyiko wa asetonitrili (kiyeyushi cha maabara) asilimia 75 hadi 80 na maji. Hapo fruktosi hutangulia, hufuata glukosi, kisha sukrosi, na maltosi huja nyuma kwa nafasi ya kutosha. Kolamu hii huchakaa mapema, kwa kuwa glukosi na sukari nyingine za aina yake hushikamana na amino zenyewe. Kolamu ya amidi, yenye vikundi vya aina nyingine, hudumu zaidi, ila isipopashwa moto, glukosi moja huweza kuchora vilele viwili, kwa sababu molekuli zake hugeukageuka kati ya maumbo mawili.

Upande wa vigunduzi, kile cha miale ya urujuanimno, ambacho kila maabara inacho, hapa hakifai, kwani sukari karibu haifyonzi miale hiyo. Kinachotumika zaidi ni kile kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya kimiminika. Ni kigunduzi cha kuaminika lakini chenye kudeka: kiyoyozi kikiwaka, au mlango ukiachwa wazi, mstari wa chini kwenye kromatogramu huanza kupanda na kushuka kama mawimbi. Pia hakivumilii kubadilisha uwiano wa asetonitrili na maji katikati ya kipimo. Anayelazimika kuubadilisha atumie kile kinachokausha kimiminika na kupima mwanga unaotawanywa na punje zilizobaki, akikumbuka kwamba sukari ikiongezeka maradufu, mwitiko hauongezeki maradufu, hivyo sampuli moja ya kulinganishia haitoshi.

Kipo pia kigunduzi cha elektrodi ya dhahabu, kinachofanya kazi ndani ya sodiamu haidroksaidi, ambayo ni alkali kali. Hicho hunasa hata minyororo mirefu ya sukari iliyo kidogo sana, ambayo mara nyingi ndiyo alama ya sharubati ya wanga. Hewa ikiingia kwenye chupa ya haidroksaidi, kaboni dioksaidi huigeuza kuwa kaboneti, na muda wa kutoka kwa kila sukari huhama.

Hata hivyo, sukari ya miwa iliyokwisha kuvunjwa kuwa glukosi na fruktosi yaweza kupita kwenye kolamu zote hizi bila kujulikana. Hiyo hutafutwa kwa kupima uwiano wa kaboni 13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida, kwa kuwa miwa na mahindi hujenga sukari kwa njia tofauti na mimea mingi ambayo nyuki huiendea.