Kikao cha Teknolojia za Tabianchi si Uandikishaji wa Msaada

Tangu vikao vya kutathmini mahitaji ya teknolojia za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi vianze kuitishwa katika wadi za ukanda wa Ziwa Victoria, malalamiko yanayofika mezani petu, sisi tunaoviitisha, yamekuwa ya aina mbili. Wapo wanaouliza kwa nini walihudhuria, wakaandika majina na nambari za simu, na hadi leo hawajaona paneli ya sola wala tangi la maji. Wapo pia waliotozwa pesa na watu wanaojiita maajenti ili "fomu zao zipelekwe Nairobi". Nitajibu makundi yote mawili, na naanza kwa kusema wazi kwamba daftari la mahudhurio ni daftari la mahudhurio. Halimfanyi mtu kuwa mnufaika. Ambaye hakuandikwa humo hakukosa kitu isipokuwa nafasi ya kusema neno lake, nayo, kama nitakavyoonyesha, ina thamani kubwa kuliko tangi.

Zoezi lenyewe halikubuniwa na kaunti yoyote. Katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, nchi tajiri ziliahidi kuzisaidia nchi zinazoendelea kupata teknolojia na ujuzi wa kuhimili na kupunguza mabadiliko hayo. Ahadi ni rahisi kuandika. Ugumu ni kujua nani anahitaji nini. Mwaka 2008, katika mkutano wa Poznań nchini Poland, nchi wanachama zilipitisha mpango wa kuhamisha teknolojia, na kuanzia mwaka 2009 nchi zinazoendelea zikaanza kusaidiwa kufanya tathmini zao zenyewe, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira Duniani na uongozi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Kenya ilikuwa katika awamu ya kwanza. Ripoti zake za mwaka 2013 zilitaja, miongoni mwa mambo mengine, mtama unaostahimili ukame, umwagiliaji wa matone, uvunaji wa maji ya mvua kutoka kwenye mapaa, mifumo ya sola ya majumbani na vikausho vya jua. Anayeisoma orodha hiyo akitarajia mitambo ya kushangaza atavunjika moyo, lakini ndivyo mahitaji halisi yanavyokuwa. Nchi ambayo mchango wake katika gesijoto zote za dunia, yaani gesi zinazoongeza joto, haufiki asilimia 0.1 haina sababu ya kuanza na yale yanayozihangaisha nchi zenye viwanda vizito.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inazitaka kaunti ziingize hatua za tabianchi katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ule wa miaka mitano. Ndiyo maana maswali ambayo zamani yaliishia Nairobi sasa yanaulizwa katika ukumbi wa chifu.

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Tukiuliza mahitaji, tunajibiwa majina ya bidhaa. Mzee anasimama na kusema kijiji chake kinahitaji kisima kirefu chenye pampu ya sola, anataja hadi kampuni, kisha anaketi na watu wanapiga makofi. Kwa heshima zote, mzee hajataja hitaji. Hitaji ni maji safi ya kunywa kipindi cha kiangazi, na kisima kirefu ni mojawapo tu ya njia za kuyapata. Tofauti hii si ubishi wa maofisa. Katika sehemu nyingi za Nakuru maji ya chini ya ardhi yana floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na wenyeji wa huko wanaijua athari yake kwa kutazama meno ya watoto wao. Kisima kinachosifiwa kwingine, huko kitahitaji chujio, pengine la makaa ya mifupa ya ng'ombe, pamoja na mtu wa kulibadilisha likichakaa na mfuko wa kumlipa mtu huyo. Kwa hiyo tunaposema teknolojia tunamaanisha vitu vitatu kwa pamoja: kifaa, ujuzi wa kukitumia na kukitengeneza, na utaratibu wa watu wanaokisimamia. Pampu ambayo ufunguo wake unakaa kwa mtu mmoja aliyehamia mjini ni chuma tu.

Baada ya mahitaji kutajwa, huandaliwa orodha ndefu ya teknolojia zinazoweza kuyajibu, kila moja na maelezo ya ukurasa mmoja au miwili, kisha hupunguzwa. Sitaeleza hatua hiyo kwa kirefu kwa kuwa hufanywa na wataalamu. Hatua inayofuata ndiyo ya wananchi, nayo ndiyo wananchi wengi huikimbia: kupanga vigezo na kuvipa uzito.

Chukueni mfano wa ufuo wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Omena huvuliwa usiku kwa taa, hufika alfajiri, na akina mama huianika kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani. Mvua ya alasiri, ambayo Kisumu haina uhaba nayo, ikinyesha kabla haijakauka, mzigo huoza au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Tuseme njia mbili zimefika mwisho wa mchujo: chanja ya mbao na wavu iliyoinuliwa kutoka ardhini, na kikausho cha jua kilichofunikwa kwa plastiki. Kila njia hupewa alama kuanzia 0 hadi 100 katika kila kigezo. Kwa unafuu wa gharama, chanja ipate 90 na kikausho 30. Kwa uwezo wa kukausha wakati wa mvua, chanja 20 na kikausho 90. Kwa wepesi wa matengenezo, chanja 80 na kikausho 40. Kikao kikiamua kwamba gharama ibebe asilimia 30 ya uzito, mvua 40 na matengenezo 30, chanja inashinda kwa 59 dhidi ya 57. Kikiamua gharama ibebe 20, mvua 50 na matengenezo 30, kikausho kinapata 63 na chanja inabaki na 52. Hakuna alama hata moja iliyobadilika. Kilichobadilika ni uzito, na uzito huo huamuliwa na waliomo ukumbini saa hiyo.

Naomba hesabu hii isomwe mara mbili na kila anayedai kwamba "mambo yaliamuliwa zamani". Mara nyingi yaliamuliwa saa nne na nusu asubuhi, wakati nusu ya wajumbe walikuwa nje wakisubiri chai na kuulizana kuhusu nauli.

Hata hivyo, kwa haki, lawama haziko upande mmoja. Katika ufuo mmoja upande wa Seme, mwaka uliopita, tuliitisha kikao saa tatu asubuhi, saa ambayo ni nzuri kwa maofisa wanaotoka mjini. Wanaume wa kamati ya ufuo walikuja, mafundi wa mashua walikuja, na kigezo cha gharama kikapewa uzito mkubwa kuliko vyote. Tulipokuwa tukifunga makaratasi, mama mmoja aliingia akiwa bado na magamba ya omena mikononi. Akasema, "Ofisa, saa tatu ndiyo tunaanika. Mkitaka kujua habari za mvua, mngeuliza wanaonyeshewa." Ofisi inakubali kwamba muda wa kikao ungepaswa kupangwa kwa mashauriano mapana zaidi, na zoezi la uzito lilirudiwa. Matokeo yalibadilika.

Baada ya teknolojia kuchaguliwa huchambuliwa vikwazo vyake: bei, ushuru, uhaba wa mafundi, mila, umiliki wa ardhi ya ufuo. Kisha huandikwa mpango wa utekelezaji na mapendekezo ya miradi, na mapendekezo hayo ndiyo hupelekwa kutafutiwa fedha, iwe katika bajeti ya kaunti au kwa wafadhili. Kati ya kikao na kifaa, kwa hiyo, kuna safari, na hakuna ofisa mwenye mamlaka ya kuahidi tarehe ya kufika. Anayewaahidi anawadanganya.

Yeyote mwenye shaka kuhusu jinsi alama zilivyotolewa anaweza kuomba kumbukumbu za kikao chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, hivyo hakuna karani anayeruhusiwa kulirudisha kwa sababu ya lugha. Asiyeweza kuandika huenda mwenyewe na kueleza kwa mdomo, na ofisa analazimika kumwandikia. Si lazima utoe sababu ya kutaka habari. Jibu linapaswa kutolewa haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote lisizidi siku 21, isipokuwa ofisi iongeze muda mara moja tu kwa siku zisizozidi 14, na hapo ni lazima imjulishe mwombaji. Kuwasilisha ombi ni bure. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili. Ukinyimwa, unapeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tafadhali taja kikao unachokiulizia kwa tarehe na mahali, kwa sababu ombi la "karatasi zote za tabianchi" hutuchosha sisi na halimsaidii aliyeliandika.

Kuhusu maajenti, hakuna ada ya kuhudhuria, ya kuandikwa wala ya kupeleka fomu popote. Kundi jingine, ambalo limezidi magharibi mwa nchi, ni la wanaogawa majiko au miche na kuwawekesha watu sahihi ili wauze hewa ya kaboni, yaani vyeti vya kiasi cha gesijoto kilichopunguzwa, kwa majina ya watu hao. Biashara ya kaboni yenyewe ni halali, na kuna miradi inayofuata sheria. Hatumshtaki yeyote hapa. Lakini marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yameweka masharti. Mradi unaofanywa katika ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii husika. Mgawo wa jamii kila mwaka ni angalau asilimia 40 ya mapato kwa miradi inayotegemea ardhi na asilimia 25 kwa isiyotegemea ardhi, baada ya kuondoa gharama za uendeshaji. Anayefanya biashara hiyo bila idhini, au anayetoa kwa makusudi taarifa za uongo kuhusu faida zake, anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 500, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kabla ya kutia sahihi, dai nakala yako ya mkataba na upige picha kitambulisho cha aliyeuleta. Akikataa, usitie sahihi.

Vikao vijavyo vya wadi za ufuoni vitaanza saa nane mchana, baada ya omena kuanuliwa, na uzito wa vigezo utajadiliwa kwanza, kabla ya hotuba na kabla ya chai. Atakayekuja na jina la bidhaa tutamwomba aeleze tatizo lake kwanza.