Mwanao akitishwa kwa picha, usimnyang'anye simu

Mama mmoja alimleta binti yake ofisini kwetu akilalamika kwamba mtoto ameanza udokozi. Pesa kwenye simu ya mama zilikuwa zinapungua, leo elfu kumi, kesho kutwa ishirini. Binti, wa kidato cha pili, alikaa kimya, simu yake ameibana katikati ya magoti. Kila ilipotetemeka, naye alishtuka.

Nilimwomba mama atupishe. Ilichukua karibu saa nzima. "Rafiki" wa mtandaoni, aliyejifanya msichana wa rika lake, alimbembeleza mpaka akamtumia picha ya utupu. Kisha akabadilika: tuma hela, la sivyo shule nzima wataiona.

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Angeninyang'anya simu."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na linaniuma kila mara. Wazazi tumewazoesha watoto kwamba kosa lolote la mtandaoni adhabu yake ni kupokonywa simu, na matapeli wanalijua hilo. Utafiti wa Disrupting Harm, uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto) na INTERPOL, ulikadiria kuwa watoto wapatao 200,000 wa Tanzania wenye miaka 12 hadi 17 walikumbwa na ukatili wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja.

Mtoto akikueleza, meza hasira kwanza. Usiivunje simu, usifute kitu. Humo ndimo ulimo ushahidi: jina la akaunti, jumbe, namba iliyopokea pesa. Zipige picha za skrini, ndipo umfungie mtu huyo asiweze kuwasiliana naye tena. Usimlipe. Akishaonja hela, atarudi kudai zaidi.

Hata picha yenyewe bado ina kazi. Ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Simu ya mtoto hutengeneza alama maalumu ya ile picha, na alama hiyo peke yake ndiyo inayopelekwa kwenye mitandao inayoshiriki ili picha izuiwe. Picha haitoki kwenye simu. Ukiifuta kwa hasira, umeifunga njia hiyo. Wala usiirushe kwenye kundi la familia kuomba ushauri: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za mtoto, awe nani anayesambaza. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Wengi hupewa simu ya kwanza baada ya mtihani wa kidato cha nne, Novemba, na kukaa nayo miezi yote ya kusubiri kidato cha tano. Siku hiyo hiyo unapomkabidhi, mwambie: "Ukiharibikiwa humu ukaniambia, sikunyang'anyi." Na siku ikifika, ulitimize neno lako, hata kama moyo unachemka.

Yule mama alipoelezwa, alinyoosha mkono kuitaka simu. Binti akairudisha kifuani. Mama akashusha mkono, akavuta kiti karibu. "Haya, shika mwenyewe. Nionyeshe alivyoanza."